Watoto wa Meza Wasioonekana

Mjomba wangu alikuwa baharia wa chumba cha mitambo, mtu wa Malindi, Unguja, aliyetia nanga Portsmouth baada ya miaka mingi ya meli. Kwake yeye kitu kisicho na jina la Kiswahili kilikuwa bado hakijafika nyumbani. Jioni tuliyoiwasha ile kompyuta ya Amiga 500 aliyoinunua mkono wa pili, mwaka 1991, alivaa miwani akasoma maandishi ya juu ya kioo, kisha akaniuliza, "Workbench ndiyo nini, mjomba?" Ndivyo alivyoniita, yeye mjomba wangu, nami mjomba wake. Nikamwambia ni meza ya fundi. Akaridhika. "Na hivi vijisanduku?" Nikamwambia Waingereza wanaviita drawer. "Haya basi, hao ni watoto wa meza."

Jina likaganda. Leo nina karakana yangu ya kufufua mashine za zamani, na bado nasema mtoto wa meza, kwa sababu linaikaa Amiga kuliko folda. Folda ni mambo ya ofisi. Waliotengeneza Macintosh walikuwa na karani akilini mwao. Waliotengeneza Amiga walimfikiria fundi: programu waliziita vyombo vya kazi, hati na michoro wakaiita miradi, na vyote wakavitia ndani ya watoto wa meza. Na kama ilivyo kwa fundi yeyote, si kila mtoto wa meza alikuwa wa kuoneshwa mteja.

Hilo nililijua kwa kuharibu.

Diski ya Workbench 1.3 ukiifungua ilikuonesha vitu saba juu ya ile rangi ya buluu: Utilities, System, Expansion, Prefs, Shell, Empty, na pipa la taka. Nilikuwa na miaka kumi na tatu na nilitaka nafasi ya kuhifadhi michoro yangu. Diski ikasema imejaa. Diski ya Amiga huchukua kilobaiti 880, na mimi sikuelewa vitu saba vimeijazaje. Mwanafunzi mwenzangu akaniazima programu ya kupangia mafaili, ile inayokuonesha kila kilichomo bila kuchagua, na hapo nikawaona kwa mara ya kwanza: c, devs, fonts, l, libs, s, t. Watoto wa meza wengine saba, hawana picha, na wanne kati yao jina zima ni herufi moja. Nikakata shauri kwamba hizo ni takataka za mwenye mashine wa kwanza. Nikafuta l, nikafuta libs, nikafuta s.

Nafasi ilipatikana, sikatai. Nikazima mashine, nikaiwasha. Kwenye kioo cheupe ukatokea ule mkono ulioshika diski, kama kawaida, wa kukuomba uitie. Nikaitia. Likafunguka dirisha tupu lenye maandishi ya hakimiliki ya Commodore, kampuni yenye Amiga, na chini yake tarakimu moja na alama ya mshale. Basi. Meza haikutandikwa. Mjomba aliporudi kutoka zamuni akasimama mbele ya kioo na koti lake mwilini. "Meza iko wapi?" Nikamwambia nimefuta takataka. Hakusema kitu, akaenda kuweka maji ya chai. Nakala ya diski ile hatukuwa nayo.

Aliyetuokoa ni mzee wa ghorofa ya chini, Mwingereza aliyestaafu kazi za bandarini, mwenye Amiga kama yetu na subira kuliko yetu. Alipanda na diski yake mfukoni. Kabla hajaitia kwenye mashine alisukuma kwa kucha kile kijiplastiki cha pembeni mpaka kitundu kikabaki wazi, ili diski isomeke tu na isiandikike, akanitazama usoni alipokuwa akifanya hivyo. Kisha akanifundisha, herufi moja baada ya nyingine.

Ndani ya c mna amri. Kila amri ni programu ndogo inayojitegemea: dir ya kuorodhesha, copy, delete, rename. Ndiyo maana mwenye diskidraivu moja akitia diski nyingine na kuandika dir, mashine humwomba kwanza airudishe Workbench. Dir yenyewe imo humo, lazima ikachukuliwe. Ndani ya libs mna maktaba ambazo programu huchangia, na mojawapo ni icon.library, inayojua kusoma picha za mezani. Nilipofuta libs, kumbe nimeitoa meza macho. Ndani ya s mna mafaili ya amri zinazofuatana, na kubwa lao ni startup-sequence, mlolongo ambao mashine huusoma inapoamka. Mstari mmoja wa humo unasema LoadWB, na huo ndio unaoitandika meza. Ndani ya l alikuwemo mkaguzi wa diski zilizoumia. Fonts ni herufi za kuandikia, devs ni viendeshaji vya printa na vifaa vingine, t ni vitu vya kupita.

Baadaye akaandika dir, akanionesha kwa kidole kitu ambacho nimekifikiria maisha yangu yote tangu hapo. Chini ya Utilities palikuwa na faili liitwalo Utilities.info. Kulikuwa na System.info, na Prefs.info, na Trashcan.info. Hakukuwa na c.info. Hakukuwa na libs.info.

Siri yote ndiyo hiyo. Kwenye Amiga ya siku zile hapakuhitajika alama ya kuficha. Kila kitu kilizaliwa hakionekani, na ukitaka kionekane mezani unakiwekea kando yake faili la picha, lenye jina lilelile na mkia wa .info. Ukiliondoa faili hilo, kitu kinatoweka machoni. Chenyewe hakijaguswa hata baiti moja.

Mashine nyingine karibu zote zilikwenda kinyume. MS-DOS ilionesha kila faili isipokuwa lililotiwa alama ya kufichwa, kama ilivyokuwa kwa IO.SYS na MSDOS.SYS. Macintosh nayo ilikuwa na alama yake ya kutoonekana, na wenye ujasiri waliifikia kwa programu ya ResEdit. Kwenye Unix mambo yalizuka kwa bahati mbaya: Rob Pike alieleza mwaka 2012 kwamba mtu alitaka ls, amri ya kuorodhesha mafaili, isioneshe majina mawili ya nukta tupu (. na ..) yaliyomo katika kila saraka, akaandika njia ya mkato iliyotazama herufi ya kwanza tu, na tangu siku hiyo kila jina linaloanza na nukta likawa limefichika. Kosa la uvivu wa dakika moja likageuka desturi ya dunia nzima. Lakini Amiga haikufanya kosa. Ilifikishwa hapo na namna ilivyozaliwa, maana ilikuwa na wazazi wa pande mbili.

Upande mmoja ni California. Kampuni ilianza mwaka 1982 kwa jina la Hi-Toro, kisha ikajiita Amiga, na mkuu wa ubunifu wa chipu zake alikuwa Jay Miner, aliyekwisha kubuni chipu za mashine za Atari. Commodore ikainunua mwaka 1984. Carl Sassenrath aliandika Exec, moyo wa mfumo; RJ Mical aliandika Intuition, sehemu ya madirisha na kipanya. Hawa walikuwa watu wa picha. Tarehe 23 Julai 1985 mashine ilizinduliwa Lincoln Center, New York, na Andy Warhol akaketi mbele ya umati akipaka rangi sura ya mwimbaji Debbie Harry kwenye kioo. Usiku kama huo hakuna mgeni anayeuliza mafaili yamepangwaje.

Na mafaili yalikuwa yameingia mlango wa nyuma. Mfumo wa diski uliokusudiwa kwanza ulikwama, muda ukaisha, Commodore ikageukia kampuni ya MetaComCo ya Bristol, Uingereza. Huko Tim King na wenzake walichukua TRIPOS, mfumo uliokuzwa Chuo Kikuu cha Cambridge tangu mwaka 1976 na kuandikwa kwa lugha ya BCPL ya Martin Richards, wakauoanisha na Amiga, nao ukawa AmigaDOS. Hawa walikuwa watu wa kibodi. Nani mwingine angempa mtoto wa meza jina la herufi moja? Mtu anayeandika jina hilo mara mia kwa siku.

Sasa tazama wazazi hawa wakikutana. Mfumo wa diski wa Bristol uliweka kumbukumbu ya jina la faili, urefu wake, tarehe yake, hata nafasi ya kuandika maelezo mafupi. Mahali pa picha hapakuwepo. Watu wa California walitaka picha. Wakaziweka pembeni, kila moja faili lake. Ukilichungulia faili la .info kwa programu ya kusomea baiti, linaanza na E310, alama ya kujitambulisha. Kisha inakuja aina ya kitu, mahali kinapokaa ndani ya dirisha, picha yenyewe, wakati mwingine na picha ya pili ya kutokea ukibofya, na, kama ni hati, njia ya kufikia programu inayoifungua. Kibao cha mlangoni na maelekezo ya kuingilia, vyote pamoja.

Kuna sababu nyingine ya vitu vingi kukosa picha, niliyoijua kwa masikio. Diski ile ina vipande 1760 vya baiti 512. Ikoni ndogo kabisa inakula vipande viwili, kimoja cha kichwa cha faili na kimoja cha picha. Yenye madoido kidogo hula vitatu. Na vichwa vya mafaili vimetawanyika, kwa hiyo Workbench ikifungua mtoto wa meza hulazimika kukimbiza kichwa cha kusomea cha diskidraivu huku na huku ikitafuta picha mojamoja: krrk, krrk, krrk. Aliyewahi kuwa na Amiga anaisikia mpaka leo. Ungezipa ikoni amri zote za ndani ya c, zilizokuwa makumi, ungefungua dirisha hilo ukaenda sokoni ukarudi. Kutoonekana kwa c kulikuwa heshima kwa mgeni, na kulikuwa pia kubana matumizi.

Neno heshima silitii kwa pambo. Nyumba ya bibi yangu Malindi ilikuwa na baraza nje, kisha ukumbi, kisha ndani. Mgeni wa baraza hakuambiwa asiingie ndani; hapakuwa na kufuli wala mtu wa kumzuia. Mlango wa ndani haukuwa mbele ya macho yake tu. Mtu wa nyumbani alikwenda moja kwa moja, hana haja ya kuoneshwa. Amiga ilikuwa nyumba ya namna hiyo. Uliandika dir c: na c ikafunguka, bila neno la siri, bila kuulizwa wewe nani. Kujua jina kulitosha kuwa hodi. Nalinganisha na Windows XP, iliyokuja miaka kumi baadaye: ukifungua diski kuu inakuwekea ukurasa mzima wa kukueleza kwamba humu mna vitu vimefichwa na usiviguse. Huyo ni mwenye nyumba anayemwambia mgeni, "Dhahabu iko chumba kile, tafadhali usiitazame."

Lakini hata mlango wa kibodi wenyewe uliwekewa pazia. Kwenye matoleo ya mwanzo, ukifungua System huoni dirisha la amri mle ndani. Lazima kwanza uende Preferences, ambako katikati ya kuchagua rangi na kusawazisha kipanya kuna kitufe kidogo cha CLI, cha kuwasha na kuzima. Ukiwasha, ikoni inajitokeza ndani ya System kana kwamba ilikuwepo siku zote. Nimeonana na watu waliotumia Amiga miaka miwili hawajui kitufe hicho ni cha nini.

Turudi kwa mjomba. Baada ya meza kutandikwa upya, alikuwa na ombi. Anataka kuandikia barua, hataki kuzungukwa na vitu visivyomhusu. "Nikifungua nione mtoto wa meza mmoja. Barua. Basi."

Workbench 1.3 haikuwa na amri ya kutengeneza mtoto wa meza mpya. Kazi ya Empty ndiyo hiyo: unamchagua, unamnakili kwa menyu, anatokea mwingine aitwaye "copy of Empty", unambadilisha jina. Nikamwita Barua. Nikafungua Shell, dirisha la kuandikia amri, nikaanza kuficha wengine. Mzee wa chini aliniambia nifute tu mafaili ya .info, lakini mimi nilikwisha kuungua na kufuta. Nikabadilisha majina. Niliandika rename Prefs.info Prefs.sitara, nikabonyeza, diskidraivu ikakoroma, na mezani pakawa vilevile. Workbench hiyo haijui kilichotokea mpaka ulifunge dirisha na kulifungua tena. Nikalifunga, nikalifungua. Prefs hayupo. Nikaendelea: Expansion.sitara, System.sitara, Empty.sitara, Utilities.sitara. Pipa la taka nalo likaenda. Mwisho kabisa nikaificha Shell nikiwa ndani ya Shell yenyewe, nikatoka nikafunga nyuma yangu. Kuirudisha kungehitaji diski nyingine, na hiyo nilikuwa nayo mimi.

Jambo lililonifurahisha kuliko yote ni hili. Mjomba aliandikia barua zake kwenye Notepad, na Notepad iko ndani ya Utilities, na Utilities ndiyo hiyo nimeitia sitara. Lakini alipobofya barua, Notepad ikaja. Njia ya kuifikia ilikuwa imeandikwa ndani ya ikoni ya barua. Mpishi haonekani, chakula kinafika.

Sasa, kijana aliyegundua mbinu kama hiyo haachi kuitumia kwa faida yake. Diski ile nilikuwa nimeipunguza fonti na viendeshaji vya printa, ina nafasi ya kutosha, na mimi nilikuwa na vijimchezo nilivyonakili kutoka kwenye diski za Fred Fish, zile zilizokuwa zikizunguka bure mkono kwa mkono. Nikatengeneza mtoto wa meza aitwaye Michezo kwa kibodi, bila .info. Kwa upande wa mezani hayupo. Nikawa nacheza mjomba akiwa zamuni.

Wiki ya pili akaniita. Ameketi mbele ya kioo, dirisha la diski limefunguliwa, ndani yake Barua peke yake. Hakuwa akimtazama Barua. Alikuwa akitazama upande wa kushoto wa dirisha, kwenye kile kipimo kilichosimama wima, cha kuonesha diski imejaa kiasi gani. Kila dirisha la diski la 1.3 lilikuwa nacho, na mimi sikuwahi kukijali. Lakini huyu alikuwa mtu aliyepokea mshahara maisha yake yote kwa kutazama geji.

"Nimeandika barua tano," akasema. "Tano, mjomba. Na tangi limefika hapa." Akaweka ukucha juu ya kioo. "Meli hii imebeba mzigo usiokuwa kwenye karatasi."

Nikanyamaza.

"Sikuulizi ni mzigo gani. Nakwambia tu kwamba mzigo ukiufunika turubai, meli inazama chini vilevile."

Hakunitaka niufute. Nadhani alifurahi zaidi kwamba amenikamata kwa geji, kwenye mashine ambayo kila mtu alidhani ni yangu mimi.

Mzee wa chini akaja kununua Amiga 500 Plus, yenye Workbench 2.04. Buluu na chungwa vilikuwa vimeondoka, kila kitu kijivu, na kwa kweli ilikuwa meza bora: mtoto wa meza mpya alitengenezwa kwa menyu, na ikoni uliweza kuitoa nje ya dirisha ukaiacha juu ya meza. Watu wa Commodore walikuwa wameongeza pia menyu ya kuonesha mafaili yote. Kitu kisicho na .info kilipewa picha ya kuazima, kikajitokeza na wenzake. Tulishuka mimi na mjomba kwenda kupongeza. Mzee akachagua menyu ile kwa fahari, na mle dirishani wakapangana c, devs, l, libs, s, kila mmoja na kijisanduku kilekile, bega kwa bega na Utilities na Prefs.

Mjomba akainama akaniambia kwa Kiswahili, sauti ya chini, "Nyumba gani hii, mpaka choo wamekileta barazani?" Kisha akatafuta geji. Haipo. Mahali pake, kwenye utepe wa juu wa dirisha, palikuwa na maandishi: asilimia kadhaa imejaa, kilobaiti kadhaa zimebaki. Akasoma, akashukuru kwa chai, tukapanda juu.

Hakubadilisha. Commodore ilipofilisika tarehe 29 Aprili 1994 hakuonekana kujali, maana barua zake zilikuwa zikiandikika. Aliendelea na 1.3 mpaka diskidraivu ilipochoka, na hata hapo alinitaka niifungue niipake mafuta kabla sijasema inunuliwe nyingine.

Mashine hiyo ninayo karakanani, kwenye rafu ya pili, na diski yake bado inasoma. Ukiitia, dirisha linafunguka na Barua yumo peke yake katikati. Kushoto geji iko palepale alipoweka ukucha. Michezo sikuifuta.